Vitabu vya Kuongoza Wageni: Tuamini Kipi?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Naomba nichukue fursa hii kutoa maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi wenu mtasema halituhusu ndewe wala sikio. Nazungumzia vitabu vya kuongoza wasafiri, vile vinavyomweleza mgeni alale wapi, ale nini, apande gari gani na aogope nini. "Hayo ni mambo ya watalii wenye mikoba mgongoni," ndivyo alivyoniambia jirani yangu wa dawati. "Sisi wa shule ya kutwa safari zetu ni mbili tu. Kuja shule na kurudi, halafu Desemba ushago."

Mimi nasema yanatuhusu, tena sana. Vitabu hivyo vinatuandika sisi. Mtu aliyeko London au Chicago akitaka kujua Kibera ni mahali gani, au Kawangware (kama amewahi kuisikia), anafungua kitabu, na ile mistari minne mitano anayoikuta ndiyo inayoamua atatuangalia kwa jicho gani. Wala si mzungu peke yake. Mwaka jana shule moja ya bweni, sitaitaja, ilikuwa ije kwetu kwa mdahalo. Siku mbili kabla, ujumbe ukaletwa kwamba haiwezekani, wazazi wana hofu na mahali tulipo. Ikabidi twende sisi kwao. Tulishinda, ndiyo, lakini tulikuwa tumeshanunua mandazi ya wageni 40, na tuliporudi tuliyala yakiwa magumu kama kokoto. Hofu ile haikutoka hewani. Iliandikwa mahali, ikasomwa, ikanakiliwa na mwingine, ikatangazwa, mpaka Mkenya mwenzetu anayekaa kilomita chache tu kutoka hapa anaiamini bila kuja kuona.

Kumwandikia mgeni njia ni kazi ya kale. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga kijitabu ambacho wataalamu hukiita Periplus. Humo alieleza pwani yetu hii ya Afrika Mashariki mpaka mji wa biashara ulioitwa Rhapta, jina lililotokana na mashua za kushonwa kwa kamba. Alitaja ni mwezi gani wa kung'oa nanga na bidhaa gani zinatakiwa katika bandari ipi. Hakupoteza wino kusifu machweo ya jua. Huyo kwangu mimi ni mwandishi wa maana, kwa sababu aliyekisoma aliweza kufanya jambo.

Vitabu vya namna tunayoijua leo vilianza Ulaya katika miaka ya 1830, na majina yaliyovuma ni Murray wa Uingereza na Baedeker wa Ujerumani. Vilikuwa vya matajiri. Mwaka wa 1957 Mmarekani Arthur Frommer akatoa kitabu cha kuwafundisha watu wa kawaida kutembea Ulaya kwa dola 5 kwa siku. Mwaka wa 1973 Tony na Maureen Wheeler wakaanzisha Lonely Planet huko Australia, kwa kijitabu kuhusu kuvuka Asia kwa pesa kidogo. Rough Guides ilifuata mwaka wa 1982, na kitabu chake cha Kenya, kilichoandikwa na Richard Trillo, kilitoka mwaka wa 1987. Kutoka hapo mgeni akishuka Nairobi utamjua kwa kile kitabu kinene kwapani.

Hata Nairobi yenyewe ina sehemu katika historia hii. Pale Hoteli ya Stanley, kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Kimathi Street, kulikuwa na mti wa mgunga uani kwenye mkahawa, na wasafiri walikuwa wakibandika vikaratasi vya ujumbe kwenye shina lake. Fulani yuko Lamu, fulani anauza hema, fulani anatafuta wa kugawana naye gari la kwenda Turkana. Lonely Planet ilipoanzisha baraza lake la wasafiri kuzungumza, ililipa jina la mti huo, Thorn Tree. Kwa hivyo wasituambie kwamba sisi hatukuchangia chochote.

Sasa nije kwenye mabadiliko. Simu zilipoanza kuwa na intaneti, msafiri hakuona tena haja ya kubeba kilo nzima ya karatasi. Wenye makampuni walihangaika. Shirika la BBC lilinunua sehemu kubwa ya Lonely Planet mwaka wa 2007, kisha mwaka wa 2013 likaiuza kwa hasara kubwa. Google walinunua vitabu vya Frommer mwaka wa 2012, na mwaka uliofuata mzee Frommer mwenyewe akajinunulia jina lake tena. Halafu ikaja korona mwaka wa 2020, watu wote wakafungiwa majumbani, na nani atanunua kitabu cha safari akiwa karantini?

Hata hivyo vitabu havikufa. Vilibadilika umbo. Ukienda kwa wale wauza vitabu wa "inama", wanaotandaza chini katikati ya mji, chukua kimoja cha zamani na kimoja cha miaka hii uviweke pamoja. Cha zamani ni kama kitabu cha simu, hoteli juu ya hoteli, bei, nambari, saa za basi, maandishi madogo kama sisimizi. Kipya kina picha kubwa za rangi, hoteli zimepungua, na maneno mengi ni ya kukushauri uone nini na kwa nini. Wengine wanasema huku ni kushuka kwa kiwango. Mimi naona kuna busara ndani yake, kwa sababu bei ndicho kitu cha kwanza kuoza.

Na kwa kuoza, Nairobi haina mpinzani. Kitabu cha mwaka wa 2006 kitamwambia mgeni abebe hundi za wasafiri, maanake M-Pesa ilianza Machi 2007. Cha mwaka wa 2015 kitamsifia treni ya usiku ya kwenda Mombasa, yenye chakula mezani na shuka kitandani, naye ataifuata katika stesheni ya mjini, wakati tangu mwaka wa 2017 treni ya Mombasa inaanzia Syokimau na kuishia Miritini. Kitabu cha mwaka wa 2016 hakitamwonya kuhusu mifuko ya plastiki, na marufuku ilianza tarehe 28 Agosti 2017. Noti ya zamani ya shilingi elfu moja ilikoma kutumika tarehe 1 Oktoba 2019. Hilton ilifunga milango mwisho wa mwaka wa 2022. Lakini hapa pana ajabu. Hoteli ilifungwa, na bado watu husema "tukutane Hilton". Mwandishi akiifuta Hilton kitabuni atakuwa amesema kweli, na mgeni wake atapotea. Kitabu cha kufaa kingeandika kwamba hoteli ilifungwa na kwamba jina linatumika.

Kwa hivyo jambo la kwanza ukishika kitabu, usiangalie jalada. Jalada linaweza kuandikwa "toleo jipya" kwa herufi za dhahabu. Funua ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, wenye herufi ndogo, usome mwaka wa kuchapishwa, kisha utoe mwaka mmoja hivi, maana mwandishi alizunguka kabla ya kitabu kwenda mtamboni. Ukikuta toleo la saba lakini sura ya matatu haijui hata ule mstari wa manjano ulioletwa na sheria za Waziri Michuki mwaka wa 2004, jua kwamba toleo la saba ni la sita lililovishwa koti.

Kuna hatari nyingine mpya zaidi. Mwaka wa 2023 gazeti la New York Times lilifichua kwamba vitabu vya safari vilivyotungwa na kompyuta, si na mtu, vinauzwa kwa wingi katika duka la Amazon, vikiwa na majina ya waandishi wasiojulikana na sifa za uongo kutoka kwa wasomaji wa uongo. Maneno yake ni laini mno. Kila mji ni "wenye kuvutia", kila soko "lina shamrashamra", na hakuna mahali unaambiwa ushuke upande gani wa barabara. Nikisoma maneno ya namna hiyo nakumbuka insha za wenzetu waliokariri mapambo ya lugha wakasahau swali (Mwalimu ananielewa).

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji hata mwaka wa kuchapishwa. Fungua ukurasa wa mahali unapopajua wewe. Mtu wa Kisumu afungue Kisumu, wa Lamu afungue Lamu, na mimi nafungua hapa. Kitabu kikidanganya kuhusu kwenu, kwa nini ukiamini kuhusu kwa wengine?

Nimefanya hivyo kwa vitabu vitatu vya mitumba. Cha kwanza kiliitaja Kibera kwa mstari mmoja, pamoja na neno hatari. Cha pili kilisema ina watu milioni moja na ni mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Cha tatu kilikuwa na ramani nzuri ya magharibi ya Nairobi, ikafika Lavington na kukoma kabisa, kana kwamba baada ya Lavington dunia inaporomoka. Kawangware iko papo hapo ng'ambo. Watu wanaotoka Kawangware asubuhi kwenda kufua, kupika na kulinda malango huko Lavington huenda kwa miguu!

Hebu tuangalie ile milioni moja. Iliandikwa na vitabu, magazeti na mashirika kwa miaka mingi. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu Kibera watu 170,070. Wako waliobisha, na kuhesabu watu wa vyumba vya kupanga si kazi rahisi, lakini kutoka laki moja na sabini hadi milioni ni mbali mno. Mwandishi mmoja aliandika, wa pili akanakili, wa tatu akaongeza chumvi. Hakuna hata kimoja kati ya vile vitatu kilichoeleza kwamba jina Kibera lilitokana na neno la Wanubi, kibra, yaani msitu, na kwamba Wanubi wale walikuwa askari wa King's African Rifles waliopewa makao hapa na serikali ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini. Serikali iliwapa hati ya ekari 288 mwaka wa 2017. Hakuna kilichotaja kwamba Makina si Laini Saba, na Laini Saba si Gatwekera, wala kwamba mgeni akisema tu "napeleka mzigo Kibera" ni kama amesema napeleka mzigo Kenya.

Kwa upande wa ramani, kuna watu waliofanya kazi ninayoivulia kofia. Mwishoni mwa mwaka wa 2009 vijana 13 wa Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya setilaiti, wakatembea vichochoro kimoja kimoja na kuvichora, wakaweka shule, zahanati, vyoo na mabomba ya maji. Mradi huo unaitwa Map Kibera. Kabla yake ramani nyingi zilituacha patupu. Halafu kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo viwili vya Marekani, MIT na Columbia. Wanafunzi walipanda matatu huku wameshika simu, wakarekodi vituo, na Januari 2014 ikatoka ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, imechorwa kwa rangi kama ya treni za chini ya ardhi za Ulaya. Jamani, matatu! Kumbe vurugu yetu ina mpango, ila hakuna aliyekuwa ameuandika. Kitabu chochote cha Nairobi kisicho na ukurasa kama huo mimi sikipi alama. Mgeni wa Kawangware anahitaji kujua nambari 46 kuliko anavyohitaji kujua urefu wa KICC. Nambari hiyo imezoeleka hata mahali penyewe panaitwa 46.

Kuna wanaosema dawa ni vitabu vituandike zaidi, wageni waje kwa wingi kututembelea. Hapo naomba tuwe waangalifu. Kennedy Odede, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO, aliandika katika New York Times mwaka wa 2010 kuhusu ziara hizi za kuangalia umaskini. Alisema aliiona ya kwanza akiwa na umri wa miaka 16, yuko nje ya nyumba yao anaosha vyombo, mara mzungu akampiga picha. Mimi pia nina miaka 16 na huosha vyombo nje, na sitaki kuwa picha ya mtu. Lakini sikubaliani na wale wanaotaka wageni wafukuzwe. Mgeni anayekuja kununua viatu Toi, kumtembelea rafiki, au kucheza mpira na sisi, karibu sana. Tofauti yake na yule mwenye kamera iko katika kile alichosoma kabla ya kuja. Kitabu kimoja kinamwambia jinsi ya kusalimia na kuomba ruhusa. Kingine kinamwambia apande juu ya reli apate picha nzuri ya mabati.

Na kuhusu wezi? Wapo. Sitaki kuandika uongo wa kujipendekeza. Kuna njia ambazo mimi mwenyewe sipiti saa mbili usiku, na mama akijua nimepita atanipa changu. Ila onyo la kweli lina mahali na saa. "Usipite njia ile ya kando ya mto giza likiingia, zunguka barabarani kwenye taa," hilo ni onyo. "Kibera ni hatari" ni tusi, kwa sababu halimsaidii hata anayetaka kujihadhari.

Tazama pia kurasa za mwisho, zile za lugha. Zikianza na "Jambo" na kumalizia na "Hakuna matata", rudisha kitabu mahali pake. Mwandishi hakuongea na mtu ila wahudumu wa hoteli. Kitabu kizuri kitamfundisha mgeni kusema "shikamoo" Pwani, na kumwonya kwamba makanga wa Nairobi akiambiwa shikamoo atacheka mpaka asahau kudai nauli. Kitamfundisha "nishukishe hapo mbele", "pole", na "punguza kidogo". Hayo matatu yatamfikisha mbali.

Najua mtaniuliza, kwa nini karatasi wakati simu ipo? Kwanza, shuleni simu ni marufuku, kwa hivyo tuanzie hapo. Pili, si kila mtu ana simu ya kugusa. Shosho akitoka ushago ana mulika mwizi yake, haionyeshi ramani hata ukiipigia magoti. Bando nalo huisha, na kusimama barabarani umeinua simu ya kioo kikubwa huku unazungukazunguka ni kumwita mwizi kwa jina. Tena simu hukujibu ulichouliza tu. Kitabu hukuambia na lile ambalo hukujua kwamba ungepaswa kuuliza. Hata hivyo bei na saa za gari simu inazijua vizuri zaidi, na kitabu kinachoshindana nayo kwa hayo kinapoteza kurasa.

Mwalimu wetu alitueleza kwamba Waswahili wamekuwa wakiandika safari tangu zamani. Mwaka wa 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, na ndani yake yumo Salim bin Abakari akisimulia safari yake ya Urusi mpaka Siberia. Mwaka wa 1932 Martin Kayamba wa Tanganyika alichapisha Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, baada ya kwenda London mwaka wa 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge lao. Basi mababu zetu waliweza kuwaeleza watu wetu Urusi na London kwa Kiswahili, sisi tumeshindwa kumweleza mtu Gatina? Wasafiri walio wengi wa Nairobi si watalii. Ni binamu anayekuja kutafuta kazi, ni mjomba anayeleta mgonjwa Kenyatta, ni mwanafunzi mpya ambaye wiki ya kwanza hajui ashukie wapi. Mimi sijaona kitabu cha kuongoza kilichoandikiwa hao.

Ndiyo maana nimependekeza katika mkutano wa chama chetu kwamba tuandike chetu. Kurasa 40 zinatosha. Kila mwanachama ashike eneo analokaa, aandike vituo kwa majina yanayoitwa na makanga, vyoo vya kulipia, maji, zahanati, maktaba, mahali pa kusomea jioni penye stima, na njia za kuepuka na saa zake. Nauli tusiandike, tuseme tu kwamba mvua ikinyesha hupanda. Juu ya kila ukurasa iwe tarehe na aliyepita hapo kwa miguu yake. Tusinakili hata mstari. Mwezi Julai 2018 nyumba na hata shule zilibomolewa Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na nina hakika bado viko vitabu vinavyowapitisha watu ndani ya vyumba ambavyo sasa ni lami. Chetu kikirekebishwa kila Januari na wanafunzi wapya, hakitafika huko.

Kumetokea ubishi kama tuandike "Kibera" au "Kibra", kwa kuwa eneo bunge linaandikwa Kibra. Mimi naunga mkono yote mawili yawekwe, mgeni atayakuta yote mabangoni. Mwalimu mlezi amesema mashine ya kurudufisha tutaipata muhula wa pili tukileta karatasi zetu wenyewe. Makina, Olympic, Lindi na Kabiro zimeshapata wenyewe. Laini Saba wako wawili na hawaelewani. Gatina bado hatuna mtu, kwa hivyo anayekaa huko anione Ijumaa baada ya michezo, aje na kalamu na viatu vya kutembea.